Binti zangu, msiyauze magoti

Nasema nanyi mnaofungua maduka Kisenyi hapa Kampala alfajiri, mlio na miaka thelathini na kitu. Najua jibu lenu: "Mama, nafanya kazi kutwa, mazoezi ya nini tena?"

Kazi gani? Unakaa nyuma ya magunia ya mchele toka asubuhi. Chai ya sukari nyingi inakufuata hapo hapo, mchana pasta na soda, jioni boda inakushusha mlangoni. Umechoka, sikatai. Lakini uchovu wa kukaa haumjengi mtu mapaja. Wale wanaopembua mahindi kwenye mashine za unga nao wana shida yao: wanainama kutwa, na mgongo unalipa. Hao wanahitaji kunyooka na kupumzika.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa takwimu za nchi 168, na Uganda ikaongoza: wasioushughulisha mwili vya kutosha walikuwa asilimia 5.5 tu. Tukajisifu. Sifa ile ni ya mama mwenye jembe kule Masaka, si yako wewe wa dukani.

Tazameni msikitini, upande wa wanawake. Viti vya kusalia vinaongezeka, na wanaovikalia wengine hawajafika miaka sitini. Goti halikunjiki, sijida imewashinda. Jirani zetu Waganda nao, mama anapiga magoti kumsalimu mkwe, kisha anatafuta mkono wa kumwinua. Wapo wenye maradhi, hao siwalaumu. Wengi ni mazoea tu.

Hedhi ikikaribia kukoma, homoni ya estrojeni hushuka, na mifupa na misuli hupungua nayo. Kule Marekani, tangu 1996, utafiti uitwao SWAN umewafuatilia wanawake zaidi ya 3,300 walioanza wakiwa na miaka 42 hadi 52, kuona miili yao inavyokwenda miaka hiyo. Nyinyi bado mna kama miaka kumi kabla ya kufika hapo. Ukifika hamsini na nguvu kidogo, hata hicho kidogo kitapungua.

Basi tembeeni. Dakika 150 kwa wiki, mwendo wa haraka; pandeni kilima cha Old Kampala kwa miguu, boda iende zake. Buibui halimzuii mtu kutembea, na wanaume wakicheka, waacheni wacheke. Mteja akichelewa, inuka kwenye kigoda bila kushika kitu, kaa, inuka tena, mpaka mapaja yaseme. Wekeni mchicha wa dodo, maharage na dagaa wa mukene kwenye sahani, posho ipungue. Laleni mapema. Shisha sheria ya 2015 imeipiga marufuku, lakini kuna milango ya nyuma ninayoijua, msiingie.

Na Kituo cha Afya cha Kisenyi kiko hapo hapo. Nendeni wiki hii mpimwe presha na sukari, msingoje miguu ianze kuvimba.