Nani Hakumwona?

Mwaka 2019 jumba la Royal Academy la London lilifungua maonyesho ya picha za Helene Schjerfbeck, mchoraji wa Ufini aliyefariki mwaka 1946. Mwishoni mwa 2025 Jumba la Makumbusho la Metropolitan la New York nalo likafanya hivyo. Wengi waliokwenda kuzitazama walikuwa wakilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza, na husemwa kwamba alikuwa amesahauliwa.

Neno hilo linatusumbua. Kwao Ufini, Julai 10, siku aliyozaliwa, huadhimishwa kama siku ya sanaa. Huko hakusahauliwa. Basi mji mkubwa unaposema kwamba mtu fulani hajulikani, mara nyingi unasema tu kwamba wenyewe haujamtazama. (Nasi husema hivyo hivyo juu ya watu wanaokaa benchi la nyuma kanisani.)

Alizaliwa Helsinki mwaka 1862. Akiwa na miaka minne alianguka ngazini akavunjika nyonga, akachechemea maisha yake yote. Akiwa na miaka 11 alipokelewa shule ya uchoraji bila ada. Baadaye alikwenda Paris, kisha Uingereza, na huko mwaka 1888 akachora mtoto anayepata nafuu baada ya ugonjwa, amekaa kitini, amezungushiwa shuka, anachezea kijitawi kilichoanza kuchipua. Picha hiyo ilipata nishani ya shaba mjini Paris mwaka uliofuata. Lakini afya haikumruhusu kuendelea kufundisha. Mwaka 1902 aliacha kazi, akahamia mji mdogo wa Hyvinkää kuishi na mama yake. Alichora waliokuwa karibu: mama yake mwenyewe, wanawake na watoto wa pale. Maonyesho yake ya kwanza ya peke yake yalifanyika akiwa na miaka 55.

Je, kazi ya miaka ile ya Hyvinkää ilikuwa na upungufu wowote kabla watu hawajaiona? Sisi Walutheri tuna jibu tayari. Luther alifundisha kwamba kazi ya mjakazi afagiaye nyumba kwa imani ni utumishi kwa Mungu. Mungu aliiona. Tunaliamini jibu hilo, nalo limewabeba wengi.

Ila linategemea ni nani anayelitamka. Anayefanya kazi gizani akisema "Mungu anaona", hiyo ni imani. Sisi tunaofaidika na kazi yake tukimwambia maneno hayo hayo, mara nyingi tunajiondolea wajibu wa kumtazama. Tumewaambia akina mama wanaopikia mikutano yetu kwamba thawabu yao iko mbinguni, kisha tukasimama kusoma majina ya waliochangia fedha.

Tumfikirie Hajiri. Katika Mwanzo 16, Abramu na Sarai wanazungumza juu yake, na katika mazungumzo yao hawalitaji jina lake hata mara moja. Kwao ni mjakazi tu. Malaika wa Bwana anapomkuta kisimani jangwani, anamwita kwa jina, kisha anamuuliza anatoka wapi na anakwenda wapi. Ndipo Hajiri anamtambua Mungu kuwa ndiye anayeona. Kuona kwa Mungu, basi, kulikuja pamoja na jina na swali, na lilikuwa swali lililongoja jibu.

Katika miaka yake miwili ya mwisho, akiishi hotelini huko Sweden, Helene alichora uso wake mwenyewe takriban mara ishirini. Mashavu yanabonyea, macho yanazama, hadi sura inakaribia fuvu. Hakujipamba hata kidogo. Alijitazama kwa ukweli ambao wengi wetu tungeukimbia, na leo wageni husimama mbele ya picha hizo kimya.

Heshima ya London na New York hakuisikia. Yeye tunamwachia Mungu. Lakini yupo mama anayefagia kanisa letu kila Jumamosi, na wengi wetu tunamwita Mama Usafi. Ana jina alilobatizwa nalo, na limeandikwa katika daftari la usharika.