Haki ya Mgeni na Haki ya Mwenyeji

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake: fahamuni, ndugu Waislamu, ya kuwa ugeni una haki mbili, na wengi huikumbuka moja tu.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu ukarimu wa Sultani Hasan bin Sulaiman. Miaka michache baadaye akafika Bukhara, mji alikozaliwa Imamu Bukhari, akaukuta ungali na magofu ya vita vya Genghis Khan vya mwaka 1220. Juu ya hayo, Sheikh Yahya al-Bakharzi alimkaribisha nyumbani kwake, akawaalika wakuu wa mji, na Kurani ikasomwa kwa sauti njema.

Hata leo, katika nyumba za Bukhara, mgeni hukalishwa mbali na mlango, mahali pa heshima. Chai humiminwa kidogo tu katika kibakuli, ili mwenyeji apate kumwongeza mara kwa mara. Hiyo ndiyo haki ya mgeni.

Ama haki ya mwenyeji, imo katika hadithi alizozikusanya Imamu huyo huyo: ukarimu ni siku tatu, yazidiyo ni sadaka, wala si halali mgeni kukaa hata amtie mwenyeji dhiki. Kwani mwungwana hatasema unga umekwisha. Atakopa, na watoto watalala na njaa.

Basi methali ya mgeni kupewa jembe siku ya tatu humwonya mgeni, haimruhusu mwenyeji kufanya ubahili. Msafiri na ainamishe macho, asitangaze siri za nyumba, amwombee dua mwenyewe, kisha aondoke angali akitamaniwa.

Wabillahi taufiki.