Tafakari ya Ramadhani, Siku ya 22: Jasho la Fundi wa Sakafu



Ndugu zangu, tumeingia kumi la mwisho. Msikitini tunatafuta Laylatul Qadr, majumbani tunapendezesha nyumba kwa ajili ya Idi. Ukipita Mbagala, Chamazi mpaka kule Bunju utamkuta fundi kapiga magoti barazani kwa mtu, anavuta niru ya rangi, jua linamchoma na amefunga. Leo tumzungumzie huyo.

Nianze na nafsi yangu. Miaka michache nyuma, siku kama hizi, nilimwita fundi anipigie niru nyekundu barazani na kwenye njia ya getini. Tukapatana: nusu mwanzo, nusu akimaliza. Akasawazisha sakafu, akainyunyizia saruji iliyochanganywa na rangi ya unga ingali mbichi, akaivuta kwa mwiko mpaka ikang'aa. Akaniusia: "Mzee, mwagilia maji siku saba, asubuhi na jioni. Usiburuze kitu juu yake." Nusu yake nikamwambia aje kuichukua mkesha wa Idi.

Sasa saruji haikomai kwa kukauka, inakomaa kwa maji. Ikikauka mapema inatoa vumbi, inapata nyufa, na rangi inakuwa mabakamabaka. Mimi siku ya tatu nikachoka kumwagilia. Nikaburuza viti na majiko. Fundi alipokuja, nikamwonyesha mabaka: "Kazi gani hii?" Hakubishana. Aliniuliza tu, "Maji ulimwagilia, mzee?" Nikamfokea. Akaondoka mikono mitupu.

Usiku ule takbira zinasikika kila msikiti, mimi usingizi hauji. Hadithi nilikuwa naijua tangu madrasa, iko kwa Bukhari: siku ya Kiyama Allah atasimama kuwa hasimu wa watu watatu, na mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake yote, kisha asimpe ujira wake. Na Mtume (s.a.w.) ametuamrisha, kama alivyopokea Ibn Majah, tumlipe kibarua jasho lake likiwa bado bichi.

Baada ya Idi nikaenda kumtafuta kwenye kijiwe cha mafundi, Rangi Tatu. Siku ya tatu nikampata. Nikamlipa, nikamwomba radhi. Akasema, "Nimekusamehe, mzee. Ila ile hela nilikuwa nimeihesabia nguo za watoto."

Deni nililipa. Asubuhi ile ya Idi ya watoto wake sina namna ya kuirudisha.

Ndugu zangu, katika Surat al-Qasas aya ya 26, binti wa Madyan alimshauri baba yake amwajiri Musa (a.s.) kwa sifa mbili: nguvu na uaminifu. Sisi tunazipima sifa hizo kwa fundi tu. Je, uaminifu wa mwenye nyumba nani anaupima?

Na wewe fundi unayesoma hapa, ukipunguza saruji kwenye mchanganyiko umepunja kipimo. Kasome mwanzo wa Surat al-Mutaffifin.

Basi tufanye haya:

1. Patana kabla ya kazi na muandikiane. Al-Baqarah 282 imetufundisha kuandika madeni.
2. Kazi ikiisha, malizana naye siku hiyo hiyo.
3. Ukiona kasoro, msikilize kwanza. Mkishindwana, muiteni anayeijua kazi awaamue.
4. Aliyefunga usimbebeshe kazi kupita uwezo wake.

Kama kuna fundi, dada wa kazi au kibarua anayekudai, mpigie leo kabla ya futari. Usimwambie "njoo baada ya Idi". Huna hela yote? Mpe uliyonayo, mwambie ukweli kwa iliyobaki.

Ewe Mola, tukubalie funga zetu, wala usituache tuingie kwenye Idi na jasho la mtu shingoni mwetu. Aamin.

Mfikishie na mwenzako. Ramadhani Karim.