WEMBE NA MPINI

Maswali makubwa ya taifa mara nyingi hujificha ndani ya mambo madogo. Mtu anaponyoa ndevu zake asubuhi hadhani kuwa anatoa hukumu juu ya utamaduni. Hata hivyo, chombo alichokishika kina historia yake na gharama yake, nacho huonyesha jinsi mwenyewe anavyokadiria thamani ya vitu, na pengine ya watu. Katika insha hii nakusudia kuuchunguza wembe, ili kwa msaada wake tujiulize swali ambalo limetukabili tangu tupate uhuru: katika yale tuliyoyarithi, tuhifadhi nini na tutupe nini?

Hebu tuanzie Ring'wani, kata ya wilaya ya Serengeti mkoani Mara, katika nchi ya Wangoreme, watu wa jembe na ng'ombe. Huko nilipata kukaa siku chache nyumbani kwa mwalimu mmoja mstaafu. Kila asubuhi mzee huyo alifungua kijaluba cha bati, akatoa mashine ya kunyolea ya chuma, ile ambayo kichwa chake hufunguliwa na kutiwa wembe mwembamba wenye makali pande mbili. Mashine hiyo aliinunua Musoma alipopokea mshahara wake wa kwanza. Mjukuu wake, kijana aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, alitumia vinyoleo vya plastiki vinavyotupwa, na kidevu chake kilijaa vipele. Siku moja kijana alimwuliza: "Babu, kwa nini wajitaabisha? Nunua hivi vya plastiki. Kikiisha makali unatupa, basi." Mzee akacheka, akajibu: "Mjukuu wangu, kosa ni la wembe, lakini wewe wauadhibu na mpini."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Lakini kabla ya kuyapima, yafaa tueleze kwanza kwa nini kidevu cha babu kilikuwa laini na cha mjukuu kilikuwa na vipele, maana hekima isiyosimama juu ya ukweli wa mambo haifai kitu.

Nywele za Mwafrika kwa kawaida zimejikunja. Unywele uliokatwa chini mno, hata ukazama chini ya ngozi, unapoota tena hujipinda na kuchoma ngozi kwa ndani. Hapo ndipo vipele huzuka. Vinyoleo vyenye nyembe mbili, tatu au zaidi, ambavyo vilianza kuenea duniani baada ya 1971, huongeza hatari hiyo, kwa sababu wembe wa kwanza huvuta unywele na wa pili hukata chini zaidi. Wembe mmoja hukata sawa na ngozi. Aidha, mashine ya chuma ina uzito wake yenyewe, wala haihitaji kukandamizwa. Mzee aliosha uso kwa maji ya moto, akapaka povu la sabuni kwa brashi na kusubiri kidogo. Ndipo akauteremsha wembe polepole, kwa kufuata uelekeo wa nywele, akiusuuza kila mara. Mwishowe alijipangusa na kupitisha kipande cha shabu. Kazi nzima haikuchukua robo saa. Kijana alikwangua uso wake kwa dakika mbili, kisha akajikuna siku nzima.

Sasa tutazame historia. Zamani wembe ulifuliwa na mhunzi. Ulikuwa chuma kitupu, ukanolewa miaka na miaka, na pengine ukatumiwa na mji mzima. Mtu hakujinyoa, alinyolewa. Ndiyo maana wahenga walisema kuwa kinyozi hajinyoi. Katika jamii zetu nyingi kichwa kilinyolewa baada ya msiba, na mkono wa jirani uliokushika kichwa ulikuwa sehemu ya faraja. Wembe huo ulikuwa na ujamaa ndani yake. Lakini ulikuwa na hatari pia, kwani damu ya mmoja iliweza kuingia katika jeraha la mwingine. Baada ya wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kugunduliwa nchini mwetu, mkoani Kagera mwaka 1983, ilibidi tufundishane upya kwamba kila mtu awe na wembe wake. Wema wa kushirikiana haukuwa kosa. Chombo cha kushirikiana ndicho kilichokosa usalama.

Mashine ya chuma yenye wembe wa kubadilishwa ilienezwa na Mmarekani aitwaye King Camp Gillette. Mwaka wa kwanza wa biashara yake, 1903, aliuza mashine 51 tu na nyembe 168. Lakini Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, askari kwa mamilioni walirudi makwao wakiwa na desturi ya kujinyoa wenyewe. Linalostaajabisha ni kwamba mtu huyu, miaka tisa kabla ya biashara hiyo kuanza, alikuwa ameandika kitabu cha kupinga ushindani wa kibiashara, akitaka uzalishaji wote uwe chini ya shirika moja la umma. Mwenye ndoto hiyo ndiye aliyeufundisha ulimwengu kutumia na kutupa. Kwake, hata hivyo, kilichotupwa kilikuwa wembe tu. Mnamo 1975 kampuni ya BIC ya Ufaransa ilipoanza kueneza kinyoleo cha plastiki, mpini nao ukaingia jalalani.

Basi tunavyo vyombo vitatu, na kila kimoja ni mfano wa namna ya kuutazama utamaduni. Wembe wa mhunzi ni mfano wa mtu ahifadhiye kila kitu, chema na kibaya, kwa kuwa tu ni cha wazee. Kinyoleo cha plastiki ni mfano wa mtu atupaye kila kitu, chema na kibaya, kwa kuwa tu ni cha jana. Mashine ya mzee wa Ring'wani ni mfano wa mtu atofautishaye: mpini hudumu, wembe hubadilishwa.

Wako watakaouliza: kitu kinachobadilishwa sehemu zake chawezaje kuitwa kile kile? Wayunani wa kale walijiuliza hivyo hivyo kuhusu merikebu ya Theseus, ambayo mbao zake zilibadilishwa moja baada ya moja. Jibu langu ni hili: mashine ya mzee ni ile ile kwa sababu kazi yake ni ile ile na mkono unaoitunza ni ule ule. Utamaduni nao hutambulikana kwa makusudio yake na kwa watu wanaoutunza. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama katika mkoa huo huo wa Mara, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliitaka itafute yaliyo bora katika mila za makabila yote. Hakusema yote, alisema yaliyo bora. Kuchagua kumo ndani ya kazi yenyewe.

Lakini tusiishie kwenye ndevu, maana huko Mara wembe hugusa jambo zito zaidi. Katika baadhi ya koo za Wakuria, Wangoreme na majirani zao, wembe umetumika kwa vizazi vingi kuwakeketa wasichana. Wanaoitetea desturi hiyo husema: ndiyo inayomfanya msichana kuwa mwanamke, tukiiacha, tutabaki nani? Tusiwadharau kwa kuuliza, kwani hofu ya kupoteza utu wa jamii ni hofu ya kweli. Ila tuwaombe watenganishe mpini na wembe. Mpini ni mafundisho ya utu uzima, heshima, nyimbo, zawadi, na furaha ya jamii kumpokea binti yao. Wembe ni jeraha, lenye kuleta damu nyingi, maradhi, uchungu wakati wa kuzaa, na mara nyingine kifo. Sheria ya mwaka 1998 imekwisha kulifanya tendo hilo kuwa kosa la jinai linapofanywa kwa msichana aliye chini ya miaka 18. Kule Masanga, wilayani Tarime, wasichana wamekuwa wakipewa mafundisho na sherehe pasipo kukatwa. Na huko Mugumu, makao ya wilaya ya Serengeti, kuna nyumba ya kuwahifadhi wanaokimbia. Kumbe mpini waweza kusimama bila wembe ule.

Tena kuna jambo la haki. Twajua sote kwamba aliyeshika makali hawezi kushindana na aliyeshika mpini. Msichana wa miaka kumi na miwili ameshikishwa makali, na wazee wameshika mpini. Mzee anaposema "hii ni mila yetu," hana budi kujiuliza ni nani atokwaye damu kwa ajili ya neno hilo "yetu". Mila inayodaiwa na wote lakini ikalipiwa na mmoja aliye dhaifu haijatimiza masharti ya kuitwa mali ya jamii.

Ni kweli pia kwamba si kila mtu aweza kununua mashine ya chuma; mwenye shilingi chache hununua kinachouzwa kwa shilingi chache. Hatumlaumu. Tunachopinga ni ile tabia ya kudhani kuwa kutupa ndiyo maendeleo, kama vile tunavyopinga ile ya kudhani kuwa kung'ang'ania ndiyo uaminifu. Tena hata kutupa kuna adabu yake. Mzee yule alikuwa na mkebe uliotobolewa mwanya juu, na kila wembe uliokwisha aliutumbukiza humo, ili mtoto apitaye pekupeku asikanyage makali yaliyosahauliwa. Desturi mbaya nazo hazitupwi ovyo ovyo. Huzikwa kwa maelezo na kwa subira, zisije zikamkata mtu gizani.

Siku ya kuondoka kwangu nilimkuta mzee akiuchemsha mpini wa mashine yake katika sufuria. Aliukausha, akamkabidhi mjukuu. Kijana akafungua kichwa cha mashine, akaona hamna kitu. "Babu, wembe uko wapi?" Mzee akamjibu: "Wangu nimeutia mkebeni. Wako utanunua mwenyewe."

Walimu na wanafunzi wenzangu, kila kizazi hukabidhiwa mpini, na kila kizazi hutakiwa kutafuta wembe wake na kuujibia. Tuyachunguze basi yaliyomo mikononi mwetu, tukiuliza juu ya kila moja: hili ni mpini, au ni wembe uliokwisha? Na kama ni wembe, unamkata nani?