Msiizoee Klorini, Msiidharau Argoni

Wajukuu zangu mnaomaliza shule na kutawanyika kutafuta riziki, nawasikia mkisema jedwali la elementi mmeliacha kwenye chumba cha mtihani. Nawasihi mlirudie, hata kama ni safu mbili tu za mwisho upande wa kulia, halojeni na gesi ajizi. Nimefundisha kemia hadi kustaafu, na vijana niliowaona wakiumia hawakuumizwa na mambo magumu ya kitabuni. Waliumizwa na ndoo ya kudekia na mtungi wa karakana.

Nianze na halojeni: florini, klorini, bromini na iodini. Kila atomu ya ukoo huu ina elektroni saba kwenye ganda la nje, imepungukiwa na moja tu, na pengo hilo moja ndilo chanzo cha ukali wake wote. Atomu ikiwa ndogo, kiini kinakuwa karibu na ganda la nje na nguvu ya kunyakua elektroni ya jirani inazidi. Ndiyo maana ukali hupungua kadiri unavyoshuka kwenye safu. Florini, iliyo juu kabisa, ilijeruhi na hata kuua watu waliotaka kuitenga kabla Henri Moissan hajafaulu, Paris, mwaka 1886. Iodini, chini yao, ni pole kiasi kwamba tunapaka dawa yake kwenye kidonda.

Msiniamini kwa maneno tu. Mwombeni mwalimu wenu awaonyeshe mmumunyo wa potasiamu iodidi, ambao ni mweupe kama maji, kisha adondoshee maji ya klorini. Papo hapo unageuka kahawia. Klorini imeinyang'anya iodidi elektroni yake, na iodini imebaki huru. Ongeza tone la uji wa wanga nayo itajitangaza kwa rangi ya bluu iliyokolea hadi kukaribia weusi. Fanya kinyume chake, tia iodini kwenye kloridi, usubiri. Hakuna kitakachobadilika.

Sasa twende chooni, maana huko ndiko mnakoajiriwa wengi, kwenye hoteli, hospitali na nyumba za watu. Ile jiki ya kung'arishia nguo ni hipokloriti ya sodiamu, na klorini imetulia ndani ya chupa kwa sababu kuna alkali. Ukiimiminia asidi ya kusafishia choo, au hata siki, umeifungua. Gesi inayotoka ni nzito kuliko hewa karibu mara mbili na nusu, kwa hiyo inalala chini, pale pale alipopiga magoti anayesugua. Ikikutana na unyevu wa macho, koo na mapafu, inatengeneza asidi humo humo. Ni gesi ile ile ambayo jeshi la Ujerumani liliwafungulia askari wa upande wa pili karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Jiki ikichanganywa na amonia nayo hutoa kloramini, sumu nyingine ya mapafu, na amonia imo hata kwenye mkojo uliolala.

Najua kwa nini mnachanganya. Choo kina uchafu sugu, msimamizi amesimama mlangoni, na mtu amewaambia dawa mbili zina nguvu kuliko moja. Amewadanganya. Kinachoongezeka ni gesi, si usafi. Mkisikia harufu kali na macho yakaanza kuwasha, acheni kila kitu, tokeni mwende penye hewa ya wazi, na msiiname. Macho yaoshwe kwa maji mengi. Kisha nendeni hospitali hata kikohozi kikitulia, kwa sababu mapafu yanaweza kuanza kujaa maji saa kadhaa baadaye, usiku, mtu akiwa kitandani kwake.

Halojeni ikishapata elektroni inayoitafuta, inatulia. Kloridi tunaila kila siku kwenye chumvi, na iodini kidogo iliyotiwa humo, ile tunayoiita madini joto, inatukinga na goita. Ila utulivu huo nao una kipimo. Maji ya visima vingi vya Arusha na nyanda za Bonde la Ufa yana floraidi inayopita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia ya watoto wa huko ni ushahidi. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki.

Gesi ajizi, kama heli na argoni, zina ganda la nje lililokwisha kujaa, hivyo hazimtafuti mtu. Huku mpangilio ni kinyume cha halojeni: anayeshuka chini ndiye anayelegea, kwa sababu elektroni za nje zimekaa mbali na kiini. Neil Bartlett aliifanya zenoni iungane na kitu kingine mwaka 1962, lakini heli na neoni hazikubali katika hali ya kawaida. Na kwa kuwa gesi ajizi hazina harufu, hazina rangi wala haziwashi, vijana mnazidharau.

Lakini zikijaa mahali zinachukua nafasi ya oksijeni, na mwili hauna kengele ya kukwambia oksijeni imekwisha. Kinachotufanya tuhangaike kuvuta pumzi ni kaboni dioksidi inapojaa damuni, na mtu aliyemo ndani ya argoni anaendelea kuitoa vizuri tu. Anapumua, hasikii lolote, pumzi chache baadaye anaanguka. Fundi anayechomelea ndani ya tangi kwa argoni ajue kwamba gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na inajaa kuanzia chini hata akiwa ameacha kazi kwenda kula, mtungi ukiachwa wazi. Nanyi mnaovuta heli ya baloni ili sauti iwe nyembamba, mnajinyima oksijeni kwa hiari. Na anayeweka mdomo kwenye mtungi wenyewe anaweza kupasuliwa mapafu kwa mgandamizo.

Ukimwona mwenzako ameanguka ndani ya tangi, usimfuate. Najua moyo utakusukuma, na ndivyo anavyokufa wa pili, kisha wa tatu. Funga mtungi, piga kelele, fungua kila mfuniko, ingiza hewa safi kwa feni, na anayeingia awe amevaa kifaa cha kupumulia chenye hewa yake. Barakoa ya kitambaa haileti oksijeni. Aliyefungwa kamba kifuani huvutwa kutoka nje bila mtu kuingia, kwa hiyo kamba ifungwe kabla hajaingia, na mshika kamba asiondoke mlangoni hata simu ikiita.