Mguu Unaochechemea Pia Hutembea

Somo: Matendo 3:1–10, Waebrania 12:12–13



Habari ya yule kiwete wa kwenye mlango wa hekalu uitwao Mzuri tunaipenda sana, hasa pale anaporuka. Lakini angalia jambo dogo katika mstari wa 7. Luka, ambaye Paulo anamwita tabibu, hasemi tu kwamba mtu yule aliponywa. Anataja nyayo, anataja vifundo, halafu anasema vilipata nguvu. Tena Matendo 4:22 inasema alikuwa amepita miaka 40. Miguu isiyojua kutembea tangu kuzaliwa! Mungu hakugusa mfupa peke yake, alitia na nguvu.

Nasema haya kwa sababu tunao kati yetu walioumia kifundo cha mguu. Huyu alianguka na bodaboda, yule aliteleza shambani wakati wa mvua. Plasta ilitolewa zamani, lakini mguu haukurudi ulivyokuwa. Kifundo kimekaza, jioni kinavimba, asubuhi kinauma. Tumeomba, tumefunga, na bado wanachechemea. Neno la leo ni lao.

Kwanza, kungoja muujiza si kukaa tu.

Misuli isipotumika hupungua. Wiki chache ndani ya plasta zinatosha shavu la mguu kukonda. Kisha unaogopa kukanyaga, unakaa. Ukikaa, misuli inazidi kulegea. Ikilegea, kifundo kinakosa wa kukishikilia, maumivu yanaongezeka, nawe unakaa zaidi. Na ule mguu mzima unabeba kazi ya miwili, mpaka goti, nyonga na mgongo navyo vinaanza kulalamika.

Sasa soma Waebrania 12. Hawaambiwi waketi mpaka magoti yapate nguvu. Wenye magoti yaliyolegea ndio wanaoambiwa wajinyoshe, wajitengenezee njia iliyonyooka, ili kilicho kiwete kisizidi kuharibika bali kipone. Agizo limepewa aliye dhaifu! Amina?

Basi anza na ulicho nacho. Ukiwa umeketi, pandisha na ushushe wayo wako. Andika jina la Yesu hewani kwa kidole gumba cha mguu, herufi moja moja. Ukiweza kusimama, shika kiti kizito, inua visigino taratibu, ushushe taratibu. Kusimama kukiwa shida, fanyisha kazi mapaja na mikono ukiwa kitini. Kidogo kila siku, ukiongeza polepole. Muone mtaalamu wa fiziotherapia akuonyeshe kipimo chako, maana majeraha hayafanani. Na kama shavu la mguu limevimba ghafla, lina joto na linauma, au pumzi inakukatika, usingoje ibada ya Jumapili. Huenda damu imeganda. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, sisi tutaomba ukiwa njiani.

Pili, fimbo si ukosefu wa imani.

Kuna watu wameambiwa, "Kama una imani, tupa hiyo fimbo." Wakatupa, wakaanguka, wakabaki na aibu juu ya maumivu. Ndugu yangu, Yakobo alitoka Penieli amebarikiwa na anachechemea, siku ile ile (Mwanzo 32:31). Na katika sura ya mashujaa wa imani, Waebrania 11:21, anatajwa akiabudu huku ameegemea fimbo yake. Hakuna aliyemwambia aitupe! Kwa hiyo ishike, tena uishike vizuri: mkono wa upande wa mguu mzima, ndipo inapunguzia mguu mbovu uzito.

Tatu, Petro alinyosha mkono.

Kanisa, hapa ndipo penye kazi yetu. Petro alimshika yule mtu, akamwinua. Sisi je? Dada aliyekuwa akiongoza sifa siku hizi anakaa nyuma karibu na mlango, kwa sababu hawezi kuruka na wenzake. Mzee mmoja ameacha ushirika wa nyumbani kwa sababu njia ina mteremko. Mwili ukikaa unadhoofika, na roho ikikaa peke yake inadhoofika vilevile. Usimuulize kila Jumapili, "Kwani bado hujapona?" Nenda kwake jioni, tembeeni mpaka dukani na kurudi, kwa mwendo wake yeye. Ushirika wa wiki hii ukutane nyumbani kwake. Mwambie jirani yako, "Tutatembea pamoja."

Nawe unayechechemea, usiache kuomba uponyaji. Paulo aliomba mara 3 kuhusu mwiba wake, akapewa neema ya kuendelea na safari, na akaendelea. Omba, na ukisha kusema Amina, inua kisigino.

Tuombe: Baba, wape nguvu walio na miguu dhaifu. Unayemponya leo, tunakushukuru. Anayengoja, mpe moyo wa kusonga hatua moja kila siku, na utupe sisi mkono wa kumshika. Katika jina la Yesu, Amina.