Wajinga Ndio Waliwao? Juu ya Kosa la Herufi na Haki ya Muuzaji

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ilizaliwa katika soko ambalo mnunuzi hulifikia kwa miguu yake, akaona kwa macho na kushika kwa mkono. Katika soko la namna hiyo kitu chema hakina haja ya mpiga debe. Lakini zama zetu zimeleta soko jingine, la intaneti, ambamo kizuri hakijiuzi mpaka kwanza jina lake liandikwe sawasawa. Herufi moja ikikosewa, kitu hubaki gizani hata kikiwa johari. Na wapo watu waliolifanya giza hilo kuwa chumo lao. Makala haya yanauliza kama chumo hilo ni la haki.

Yapasa kwanza tueleze jinsi jambo lenyewe liendavyo. Mwaka 1995 Pierre Omidyar alianzisha huko California mnada wa mtandaoni ambao baadaye ulijulikana kwa jina la eBay. Mwenye kitu cha kuuza hukiandikia tangazo, na wanunuzi walioko pembe mbalimbali za dunia hupandishiana bei mpaka saa iliyowekwa itimie. Aliyetaja bei ya juu kuliko wenziwe ndiye mwenye mali. Bidhaa zilizomo ni mamilioni, hata haiwezekani mtu kuzipitia moja moja. Mnunuzi huandika jina la akitakacho, na kompyuta humletea matangazo yenye jina hilo. Kompyuta ya kutafutia, hasa katika miaka ya mwanzo, haikukijua kitu. Ililinganisha herufi na herufi. Muuzaji aliyeandika "labtop" badala ya "laptop", au "dimond" badala ya "diamond", alikuwa ameiweka bidhaa yake kichochoroni wasikopita wenye kuitaka. Mnada wake ulianza bila watu na kwisha bila watu, isipokuwa yule mmoja aliyetoka nyumbani akikusudia kutafuta makosa.

Huyo mmoja ndiye mada yetu. Mwezi wa Januari 2004 gazeti la New York Times liliandika habari za watu waliokuwa wakinunua kwa bei ya kutupa vitu vilivyokosewa majina, kisha wakiviuza tena kwa jina sahihi na kwa faida. Zikatokea pia programu za kuwasaidia. Mtu huandika neno lililo sawa, na programu humzalishia namna nyingi ambazo neno hilo laweza kuharibika: herufi iliyorukwa, iliyorudiwa, iliyopishana na mwenziwe, au iliyoguswa kwa kuwa iko jirani na ile iliyokusudiwa. Jambo lililokuwa bahati likageuka kuwa kazi.

Kisa kisimuliwacho zaidi ni cha mwaka 2007. Kilihusu chupa kongwe ya pombe iliyotengenezwa Uingereza na kampuni ya Allsopp, mwaka 1852, kwa ajili ya msafara wa Sir Edward Belcher uliokwenda kumtafuta Sir John Franklin katika bahari ya barafu ya kaskazini. Muuzaji aliliandika jina la kampuni kwa "p" moja, na chupa ikauzwa dola 304. Mnunuzi akaitangaza upya kwa "p" mbili, na bei ikapanda hadi dola 503,300. Bei hiyo ya pili haikulipwa kamwe, kwani aliyeitaja alikuwa akifanya mzaha. Hata hivyo watu hawakuacha kukisimulia kisa hicho, na msimulizi karibu daima husimama upande wa mnunuzi mwerevu. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza habari za yule aliyepokea dola 304.

Je, mnunuzi wa namna hii ametenda kosa? Jibu la haraka analo kila mtu mdomoni: wajinga ndio waliwao. Lakini methali nyingi hueleza dunia ilivyo pasi na kuihalalisha. Aliyetuachia usemi huu huenda alikuwa akimwonya mjinga ajihadhari. Hakumtolea mlaji fatwa. Mwenye kuutumia kama cheti cha ruhusa ameusoma kutoka upande usiokuwa wake.

Wako wenye hoja nzito kuliko hiyo. Husema: sikumlazimisha mtu, wala sikusema uongo. Muuzaji ameandika mwenyewe kwa mkono wake, nami nimekesha nikitafuta kile ambacho wengine hawakukitafuta. Lau si mimi, kitu chake kisingeuzwa kabisa. Hoja hizi hazifai kudharauliwa, na si ngeni. Katika kitabu chake De Officiis, alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero alitoa mfano wa mfanyabiashara aliyetoka Iskandaria na nafaka akafika kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa, naye anajua kwamba nyuma yake merikebu nyingine zaja na shehena kama yake. Je, awaambie watu wa Rhodes, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Diogenes wa Babylon alishika kwamba kunyamaza si kuficha, na kwamba muuzaji hawajibiki kusema kila alijualo. Antipater, mwanafunzi wake, alishika kwamba wanadamu wamefungamana, na mnunuzi hapaswi kukosa kujua alichokijua muuzaji. Cicero alimuunga mkono Antipater.

Mahakama Kuu ya Marekani ilikutana na swali hilo hilo mwaka 1817, safari hii mnunuzi ndiye aliyekuwa na siri. Katika kesi ya Laidlaw na Organ, mfanyabiashara wa New Orleans alipata kabla ya wenzake habari kwamba vita baina ya Marekani na Uingereza vimekwisha. Akawahi alfajiri kununua tumbaku. Habari zilipoenea, bei ikapanda kwa asilimia 30 hadi 50. Jaji Mkuu John Marshall alisema kwamba mnunuzi hakuwa na wajibu wa kisheria kuitoa habari ambayo kila upande ungeweza kuipata, mradi asimhadae mwenziwe. Hata hivyo kesi ilirudishwa ili ipimwe kama hadaa ilikuwapo, kwani muuzaji alikuwa ameuliza kama kuna habari yoyote, na mnunuzi akakaa kimya.

Sheria basi imekwisha sema lake, nayo kwa jumla humwachia mnunuzi. Lakini sheria hupima kosa, na sisi tunapima uungwana, ambao mizani yake ni nyepesi kutikisika. Kwa mizani hiyo yafaa tutenganishe elimu za namna tatu.

Ya kwanza ni elimu ya kitu chenyewe. Mtu aliyejifunza habari za vyombo vya kale kwa miaka 20 hukiona kikombe ambacho wengine wamekidharau, akakitambua. Faida yake ni malipo ya elimu yake, na dunia nayo hufaidika kwa kuwa kikombe kimepata kujulikana. Ya pili ni elimu ya habari, kama ile ya mnunuzi wa tumbaku. Hii yabishaniwa, lakini angalau habari huhusu thamani ya mali. Ya tatu ndiyo ya mwinda makosa. Huyu hajui chochote juu ya kitu ambacho muuzaji hakijui. Wote wawili wanajua kwamba ni kompyuta ya kubebeka, na wote wanajua kwamba ina bei nzuri. Ajualo peke yake ni kwamba wanunuzi wengine hawapo, na muuzaji anadhani kwamba wapo. Faida yake yote yatoka katika kutokuwapo kwao.

Uzito wa jambo hili huonekana tukiutazama mnada wa macho kwa macho. Katika mnada wa samaki hapa Unguja, kama ule wa Darajani, nguru huwekwa mbele za watu. Mnadi akiteleza ulimi akamwita jodari, watu watacheka, na bei itabaki kuwa ya nguru. Kosa la ulimi halimpunguzii mvuvi hata senti, kwa sababu samaki yupo na watu wapo. Mvuvi hakutaja bei. Ameuachia umma uiseme, naye ameridhia awali kwamba atakubali watakachokisema. Hapo ndipo ulipo uhalali wa mnada. Ukiwaondoa watu akabaki mnunuzi mmoja, na mvuvi amepewa kisogo hajui, jambo hilo laweza kuitwa mnada kwa jina tu.

Wanazuoni wa fiqhi walilizungumza jambo la jamii hii karne nyingi kabla ya kompyuta. Mtume alikataza watu kutoka kwenda kuilaki misafara ya biashara kabla haijafika sokoni, na katika mapokezi ya Muslim imo kwamba mwenye mali akishafika sokoni ana hiari. Sababu yake haihitaji maelezo marefu. Msafiri yu njiani, hajasikia bei, na mlaki anamnunulia pale pasipo na mshindani. Mwinda makosa hufanya lile lile pasipo kuinuka kitini: humkuta muuzaji nje ya lango la mji, ilhali mwenyewe akiamini kwamba amekwisha ingia sokoni. Na katika sharhe ya Imam Nawawi kimo kisa cha Jarir bin Abdullah, aliyeletewa farasi wa dirhamu 300. Jarir akamwambia mwenyewe kwamba farasi wake ni bora kuliko bei hiyo, akawa anampandishia mwenyewe hata wakafika 800, akamlipa. Alipoulizwa, alijibu kwamba alitoa ahadi ya kumnasihi kila Mwislamu. Sikileti kisa hiki ili kila mnunuzi atakiwe kuwa Jarir. Nakileta kuonyesha kwamba mnunuzi kumwambia muuzaji "mali yako yastahili zaidi" ni jambo lililopata kutendwa na mtu mwenye akili timamu.

Tuulize pia: nani hasa hukosea herufi? Hukosea mwenye haraka, na hilo laweza kumpata yeyote. Lakini hukosea zaidi aandikaye lugha isiyokuwa yake, aliyeacha shule mapema, na yule ambaye macho yake huzichanganya herufi kwa maumbile. Watu wa pwani tunalijua jambo hili kwa karibu. Tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930 kusimamia Kiswahili sanifu kilichojengwa juu ya Kiunguja, Mpemba au Mtumbatu aandikaye kama asemavyo nyumbani kwao husahihishwa kwa wino mwekundu. Hayo ni ya darasani, na pengine yana maslaha yake. Lakini mkulima afikishapo karafuu mizanini, hapana anayemwuliza neno karafuu huandikwaje. Gunia hupimwa kwa uzito wake na ukavu wake. Lau mtu angetaka kumpunjia bei kwa sababu ya tahajia, tungesema huo ni udhalimu mtupu. Katika mnada wa mtandaoni adhabu hiyo hiyo hutolewa, ila haina wa kuitoa, nayo huangukia mfukoni mwa anayejua kuandika.

Haya hayana maana kwamba kila rahisi ya namna hii ni haramu ya uungwana. Muuzaji aliyetaja bei yake mwenyewe katika tangazo dogo, akaipata, hakupunjwa na herufi. Bei ni yake. Mfanyabiashara mkubwa mwenye makarani wa kukagua maandishi naye hana haki ya kulalamika sana. Na wapo wauzaji wanaokosea kwa makusudi, wakijua wawindaji watakuja. Ubaya umo pale mnada ulipo wa kweli kwa nia ya muuzaji, mnunuzi akijua kwamba si wa kweli, naye akachagua saa ipite.

Itasemwa: nikimwambia, nimejinyima, na ikiwa hapana faida, nani atahangaika kutafuta? Lakini mwenye kuokota kilichopotea hutangaza, na hakuna aliyesema kwamba desturi hiyo imewafanya watu waache kuinama. Linalotakiwa si kubwa. Mnada wa mtandaoni humwezesha mtu kumwandikia muuzaji kabla ya saa kutimia. Mstari mmoja watosha: "Angalia jina ulivyoliandika." Akilisahihisha, mpataji atashindana na wengine, naye bado ametangulia kukijua kitu. Akipuuza, anunue kwa moyo mweupe.

Husimuliwa kwamba kitu cha kwanza kuuzwa katika mnada wa Omidyar kilikuwa kalamu ya miale ya leza iliyoharibika, ikachukuliwa kwa dola 14.83. Omidyar alimwandikia mnunuzi kumwuliza kama ameelewa kwamba ni mbovu. Mnunuzi akajibu kwamba yeye hukusanya kalamu za leza zilizoharibika. Soko hilo basi lilianza kwa muuzaji kuhofia asije akampunja mnunuzi asiyejua. Wajibu huo hauna sababu ya kwenda upande mmoja tu.

Siku hizi mitambo ya kutafutia husahihisha makosa mengi yenyewe, na mawindo ya herufi yamepungua. Lakini hayo ni maendeleo ya mitambo. Muuzaji asiyejua atakuwapo daima, katika mnada huu au katika mwingine, na anayejua atakuwa peke yake mbele ya tangazo, hapana amwonaye, na dakika chache zimebaki.